MJADALA: Tamasha la chakula kwenye uwanja wa umma, mbona wapishi wa barabarani wanabaki nje ya geti?

Jamani salamu kwenu nyote, nataka hili swala tulijadili na kila mtu aseme lake bila matusi. Jumamosi jioni nlienda lile tamasha la chakula, lile mahoteli kila moja lina meza yake unazunguka unaonja, na tangu siku hiyo mtaani kwetu ni ubishi tu. Wako wanaosema mahoteli yamelipia nafasi kwa hivyo hawana deni na mtu, na wako wanaosema chakula cha barabarani ni uchafu kitatuletea kipindupindu. Msimamo wangu ni huu: ukipewa uwanja wa umma hapa Mombasa ufanye tamasha la chakula cha Mombasa, nusu ya meza ziwe za wapishi wa barabarani na wasitozwe ada ya hoteli kubwa.

Mahoteli niyape haki yao kwanza, sababu wako waliopika kwelikweli. Meza moja ilikuwa na pweza wa nazi, amelainika, tui zito limekolea ndimu na pilipili, nlirudi tena na ningerudi mara ya tatu kama hakingeisha. Lakini biryani sasa! Biryani yetu kila mtu aijua, wali upikwa kivyake na rangi yake na samli, masala yapikwa kivyake na nyama na vitunguu vya kukaanga vimevunjwavunjwa, vyakutana kwenye sahani. Mimi nlipewa wali na masala vimekorogwa pamoja kwenye kikombe cha karatasi, vijiko vinne vitano hivi, shilingi 400. Nikaenda kwa viazi karai, nikapewa vinne juu ya kijibao na mayonezi pembeni, shilingi 350. Viazi karai na mayonezi! Nikamuuliza kijana ukwaju uko wapi, masikini akaenda nyuma kuuliza akarudi akasema hawakuleta.

Na hapo nje ya geti kulikuwa na mama na karai lake. Kiazi kishachemshwa, akichovya kwenye unga uliotiwa bizari, akitia kwenye mafuta, chatoka na ganda la manjano, chatne ya ukwaju iko kwenye ndoo ya mfuniko, na askari wa kaunti wamemsimamia wakimwambia asogee asizibe njia ya magari. Watu wanatoka ndani, kiingilio wamelipa, wanakuja kula kwake. Hii ndio inaniuma. Hoteli likitaka mtu wa mbaazi za nazi, wa mkate wa sinia, wa vibibi, lamtoa wapi kama si kwa hawa hawa kina mama wa Mji wa Kale na Majengo? Upishi wao twautangaza kwa wageni, wao wenyewe twawafukuza.

Tuje kwa usafi. Sikatai, hata mimi nikiona mafuta yamekuwa meusi napita. Lakini usafi una wenyewe wa kuusimamia. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kukagua wanaouzia umma chakula, masoko pia ni yao na leseni za biashara ni zao. Sasa afisa wa afya ni wa kaunti, na huyo askari aliyemsimamia yule mama ni wa kaunti hiyo hiyo, shida iko wapi? Wapishi wapimwe wapewe vyeti, kaunti ilete maji ya mfereji na mahali pa kumwaga taka, asiye na cheti huyo ndio abaki nje. Na tusijidanganye ati kitambaa cheupe mezani ndio usafi, 2017 kule Nairobi kipindupindu kiliwapata watu waliokuwa kwenye kongamano ndani ya hoteli ya maana, si kwa mama wa mihogo.

Hii hoja ya kulipia ndio ngumu kidogo nakubali, sababu hema, taa, walinzi vyote ni pesa na anayeandaa hawezi kula hasara. Ila mtu anayeuza kiazi shilingi 10 hata akimaliza gunia usiku mzima hawezi kulipa meza sawa na hoteli la Nyali. Si akatwe asilimia ndogo ya mauzo tu, kila mtu sasa ana tili ya M-Pesa, ile namba ya kulipwa kwa simu, usiku ukiisha hesabu iko wazi. Halafu kiingilio nacho kiondolewe. Mtu wa Likoni avuka feri kwa miguu bure, akifika huku na watoto wake aulizwe pesa ya mlangoni kabla hajaonja hata kaimati moja, si ataishia zake bustani ya Mama Ngina pale baharini kwa mihogo na madafu, na atakuwa amefanya vizuri.

Haya, uwanja ni wenu. Mlio na mahoteli mliowahi kuweka meza, tuambieni ada ilikuwa ngapi na kama pesa ilirudi. Kina mama na kina kaka mnaopika barabarani, mngeitwa mngekuja, ama kuacha wateja wenu wa kila jioni ni hasara kubwa kwenu? Na wanaopinga waje na njia yao ya kumwingiza yule mama ndani, wasituambie tu haiwezekani.