Mjadala: Je, nyoka wa kigeni wa kufugwa waruhusiwe kuingia Unguja na Pemba?

Mwanzisha mada, Unguja

Assalaam aleikum ndugu zangu. Swali ninaloliweka mbele yenu linawahusu wakaazi wote wa visiwa hivi: je, mtu binafsi aruhusiwe kuleta kwetu nyoka wa kigeni kwa ajili ya kumfuga nyumbani, na hasa nyoka wa mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, ambaye ni miongoni mwa nyoka wanaopendwa zaidi na wafugaji ulimwenguni? Wapo vijana wetu wa mjini wanaosema kwamba hawaoni sababu ya kukatazwa, na hoja zao zinastahili kusikilizwa, kwa sababu nyingi ni za kweli.

Ni kweli kwamba nyoka huyu hana sumu. Humkamata panya kwa mdomo, humzonga na kumbana mpaka afe, kisha humeza mzima. Mkubwa wake kwa kawaida huwa na urefu wa mita moja hadi mita moja na nusu, rangi yake ni ya machungwa yenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi, huwa mpole akizoeshwa kushikwa, na akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 15 hadi 20. Wengi wanaouzwa wamezaliwa kifungoni, kwa hiyo biashara yake haiwamalizi nyoka wa porini kwa namna ambayo biashara ya kobe na vinyonga imekuwa ikifanya. Chatu wetu yumo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Nyoka wa mahindi hayumo. Maana yake ni kwamba mkataba huo hautatusaidia kumzuia bandarini wala uwanja wa ndege. Tukitaka azuiwe, kanuni lazima itoke kwetu wenyewe.

Mimi nasema azuiwe, na sababu yangu kubwa ni kwamba tunaishi kisiwani. Pemba, yenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000, ina aina nne za ndege wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe machoni. Ina popo wake mkubwa, anayelala mchana katika miti ya Kidike, ambaye aliwindwa mpaka akakaribia kutoweka kabla ya wanakijiji kuamua kumlinda. Ina hata nyoka wake wasio na madhara kwa binadamu, Natriciteres pembana na Lycophidion pembanum, waliopewa majina ya kitaalamu kwa jina la kisiwa chenyewe. Viumbe hawa wakibanwa hapa, hawana pengine pa kuhamia.

Sasa tumtazame mgeni anayetaka kuletwa. Hupanda miti kwa wepesi, huwinda zaidi jioni na usiku, na mbali ya panya hula ndege, makinda, mayai na popo. Jike hutaga mayai 10 hadi 30 kwa mara moja, nayo huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Wanaomfuga wenyewe husema kwamba ni hodari wa kutoroka, kwani huupata upenyo mdogo wa kifuniko na kupita. Kwao ni kusini mashariki mwa Marekani, lakini leo ameshajijenga porini Bahamas, Grand Cayman na katika visiwa vingine vya Karibi, ambako aghalabu alifika amejificha ndani ya miche ya mapambo iliyosafirishwa kutoka Florida. Hivyo ni visiwa vya joto, mvua, minazi na hoteli za wageni, kama vyetu. Anayedai kwamba nyoka huyu hawezi kuzaliana bila baridi ya Marekani hana budi kutueleza amezaliana vipi huko.

Mfano wa wafugwa waliotoroka uko Gran Canaria, kisiwa cha Hispania. Nyoka mfalme wa California, jamaa wa nyoka wa mahindi, alionekana porini huko mwaka 1998, na chanzo chake kilikuwa nyumba za wafugaji. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2021 walionesha kwamba mahali nyoka huyo alipoenea, mjusi mkubwa wa kisiwa hicho, ambaye hapatikani penginepo, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Serikali ya huko imekuwa ikiwakamata nyoka hao kwa maelfu, na bado wapo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha takataka za mji. Nia ilikuwa njema. Kutoka hapa akavuka hadi pwani ya bara, na leo huiba vifaranga na mayai ya kuku wetu, na huvamia viota vya ndege wa asili. Mitego na sumu zimetumika kwa miaka mingi, na kunguru tunaye.

Pendekezo langu ni kwamba mamlaka zetu za mazingira na misitu, ambazo tayari zina sheria ya misitu ya 1996 na sheria ya usimamizi wa mazingira ya 2015, zitoe kanuni inayosema waziwazi kwamba nyoka wa kigeni haingizwi na mtu binafsi. Anayetaka watoto wajifunze nyoka awapeleke wakawaone wenyeji katika sehemu yenye kibali, kama ile bustani ya wanyama ya ZALA iliyoko Muungoni.

Mchangiaji wa pili, Mjini Magharibi

Waaleikum salaam kaka yangu. Nimeisoma mada yako kwa utulivu, na nakubaliana nawe kuhusu kunguru, lakini mfano wa Gran Canaria haututoshi. Kisiwa kile hakikuwa na nyoka wa asili hata mmoja, kwa hiyo mjusi wake hakujua kumkimbia. Sisi tuna chatu, tuna hongo, tuna ukukwi na wengine wengi, na ndege wetu wamekulia pamoja na nyoka tangu zamani. Huwezi kuchukua madhara ya huko na kuyahamishia hapa kana kwamba hali ni moja.

Pili, tuwe waadilifu. Paka wa Mji Mkongwe huua ndege kila siku, na hakuna anayeandika kanuni dhidi ya paka. Kwa nini nyoka asiye na sumu, anayekaa ndani ya kisanduku cha kioo, ahukumiwe kwa jambo ambalo hajalifanya? Na panya wetu tunawajua, kuanzia maghala ya mchele mpaka mapaa ya makuti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tatu, na hili ndilo ninalolijali zaidi, watu wetu humuua kila nyoka wanayemwona, mwenye sumu na asiye na sumu, kwa sababu hawamjui. Shirika la Afya Duniani liliyaweka majeraha ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa sababu hiyo. Ujinga una sehemu yake katika vifo hivyo. Kijana aliyemlea nyoka mpole hatamtazama nyoka kwa hofu ile ya kurithi. Mkikataza moja kwa moja, watakaotaka watawapitisha katika bandari bubu, na hapo hamtajua nani anaye na nani hana. Wekeni leseni, daftari na ukaguzi. Hiyo ndiyo njia ya nchi yenye mpango.

Mchangiaji wa tatu, Wete

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa madrasa, na nitasema kidogo tu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kitu hakiuziki kisheria mpaka kiwe na manfaa yanayotambulikana, na wanachuoni wamewataja nyoka, nge na mfano wao katika visivyofaa kuuzwa kwa kukosa sharti hilo. Je, kutazamwa na kufurahiwa ni manfaa? Hilo ni la masheikh kulipima, wala mimi sitoi fatwa hapa. Lakini anayetaka kufuga akumbuke pia hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nyoka wa kuishi miaka 15 atalishwa na nani siku kijana atakapokwenda kusoma ng'ambo?

Na kuna haki ya jirani. Nyumba zetu za mjini zimeshikana ukuta, na ghorofa za Michenzani zinachangia ngazi. Nyoka akitoroka kwako atatokea kwa jirani, katika chumba cha mzee au cha mtoto mchanga, na huyo hakuombwa rai yake.

Mwanzisha mada, Unguja

Nakushukuru Maalim, suala la jirani sikulifikiria kwa uzito huo, na naona linasimama hata kwa asiyejali ndege wala popo.

Nije kwa ndugu yangu wa Mjini Magharibi. Ni sawa kwamba Gran Canaria haikuwa na nyoka wa asili. Lakini Florida inao wengi, na hata hivyo chatu wa Burma, aliyefika huko kupitia biashara ya wanyama wa kufugwa, ameenea katika mabwawa ya Everglades. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba kuonekana kwa rakuni, mnyama mdogo wa porini wa huko, katika maeneo aliyokaa zaidi kumeshuka kwa asilimia 99. Nakiri kwamba chatu yule ni mkubwa mno kuliko nyoka wa mahindi, na sidai kwamba madhara yatalingana. Ninachodai ni kwamba kuwa na nyoka wa asili si ngao. Tena chatu hao walikuja na kimelea cha mapafu, Raillietiella orientalis, ambacho sasa kinawaua nyoka wenyeji wa Florida. Wapenzi wa nyoka wangepaswa kuwa wa kwanza kuliogopa jambo hili kwa ajili ya wale nyoka wawili wa Pemba niliowataja.

Kuhusu paka, unasema kweli, na sina jibu la kukupinga. Ila madhara ya paka ni mzigo tulionao tayari, nami sioni vipi yawe hoja ya kuongeza mwingine.

Kuhusu elimu, hapa natofautiana nawe kabisa. Mtoto wa Jambiani anahitaji kumpambanua hongo wa kijani, mwenye sumu kali, na ukukwi wa kijani asiye na sumu, ambao wote hukaa mitini na kwa mbali hufanana. Nyoka wa machungwa kutoka Marekani hamfundishi hilo. Humfundisha mkono wake kuzoea kushika, na mkono uliozoea ndio ninaouogopea siku atakapokutana na hongo kwenye mkarafuu. Wataalamu wa afya, isitoshe, hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isiwe na reptilia, kwa sababu hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua.

Bandari bubu ni hoja nzito. Nyoka mmoja huingia katika foronya, na hakuna askari atakayepekua kila mzigo unaoshuka. Lakini kiumbe mgeni mara nyingi hajijengi kwa kutoroka mmoja. Hujijenga kwa kutoroka wengi, mwaka baada ya mwaka, mpaka dume na jike wakakutana. Leseni ingefungua duka, tangazo na uzalishaji wa hadharani, na idadi ingepanda. Katazo halitamzuia kila mmoja, ila litaiweka idadi chini, na idadi ndiyo inayoamua.

Nakubaliana nawe katika jambo moja. Ikiwa wapo waliokwisha kuwaleta, wasitiwe hofu. Florida ina utaratibu wa mtu kumsalimisha mnyama wa kigeni bila kutozwa faini, na sisi tunaweza kutoa muda, tuseme miezi sita, mtu amlete nyoka wake, apokewe, atunzwe mpaka mwisho wa umri wake, majike na madume wakitengwa. Hapo hatamtupa msituni kwa kuogopa polisi.

Swali lililobaki, ambalo ningependa kuwasikia watu wa Konde walio jirani na msitu wa Ngezi, na watu wa Mkoani wanaozipokea boti, ni kama Pemba iwekewe kanuni kali zaidi kuliko Unguja, hata kwa nyoka wa kuoneshwa katika bustani zenye kibali. Mimi naelekea kusema ndiyo.