Saa ya "kijeshi" ya mita 200 imeingia maji kwenye mita 18, alafu naambiwa waranti haihusu maji!

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara mbili kwa hasira, leo naumaliza liwalo na liwe. Nilinunua saa ya kuzamia, hizi wanazoziita za kijeshi, kasha nene jeusi, bezeli (ile ringi inayozunguka kioo) yenye meno makubwa, mkanda wa raba, kwenye uso imeandikwa 200M na mfuniko wa nyuma wamechonga mzamiaji ameshika kisu. Nilidunduliza hela miezi saba. Imeingia maji kwenye kuzamia kwa mara ya tatu tu, mita 18. Kumi na nane wakuu, hata moja ya kumi ya walichoandika haijafika!

Ilikuwa hivi. Tulishapanda, niko kwenye boti navua jaketi, nikatupa jicho mkononi nikaona kioo kama mtu amekipumulia. Nikafuta kwa kidole, haifutiki, maana ukungu uko ndani. Aisee moyo ulishuka. Baada ya kukaa juani kidogo ukungu ukageuka matone madogo madogo chini ya kioo, jioni mshale wa sekunde ukawa unaruka na kurudi palepale, asubuhi saa imekufa. Siku ya tatu nikaona doa la kahawia kwenye dirisha la tarehe, kutu tayari.

Nikasema sawa, vitu huharibika, saa ina miezi minne na waranti ni ya miaka miwili, watanibadilishia. Nikawaandikia waliotengeneza, kwa adabu kabisa, nikaweka risiti, namba ya saa, tarehe, kina, joto la maji. Jibu likaja baada ya siku kumi na moja. Wakasema mambo mawili: moja, krauni, kile kichwa cha pembeni cha kurekebishia majira, lazima nilikiacha wazi. Pili, eti mita 200 ni kipimo cha maji yaliyotulia, na mimi nilikuwa naogelea, kurusha mkono majini kunaongeza presha kuliko saa inavyoweza kuhimili.

Hilo la pili ndo limenitoa povu kabisa, kwa sababu wanajua watu wengi hawatapiga hesabu. Tupige basi. Kila mita 10 za maji ni kama angahewa moja ya presha, kwahiyo mita 200 ni angahewa 20 hivi, na mita 18 haifiki hata angahewa 2. Sasa ukirusha mkono kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna binadamu ataifikia akiwa chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, presha inayoongezeka ni nusu ya angahewa, yaani sawa na kushuka mita 5 zaidi. Kwahiyo nichukulieni nilikuwa napigana ngumi na maji muda wote, bado ni sawa na mita 23. Zilizobaki mita 177 ziko wapi? Hii hadithi ya kurusha mkono imerudiwa mpaka wauza saa wenyewe wanaiamini, na kila mara anayelaumiwa ni mwenye saa.

Na hilo la krauni nalo. Krauni ya hii saa ni ya kufunga kwa skrubu, unaisukuma ndani unaizungusha mpaka inabana, na mimi nina tabia ya kuigusa kabla sijavaa mapezi kila mara, kama ninavyofungua valvu ya mtungi na kuangalia geji. Bahati nzuri mwenzangu ninayezamia naye ana kamera, akatafuta picha za siku ile, akapata moja nimenyoosha mkono kuonyesha ishara ya sawa, tuko chini, saa imeonekana vizuri na krauni imekaa kabisa hakuna uzi hata mmoja wa skrubu ulio nje. Nikawatumia. Wakajibu "picha haithibitishi hali ya krauni wakati wote wa matumizi". Jamani!! Sasa nizamie na mwanasheria?

Nikaamua kuipeleka kwa fundi saa, mzee mmoja mtaratibu sana, amefanya kazi hii miaka na miaka. Nikamwambia mzee wangu fungua taratibu nione na mimi. Akafungua mfuniko wa nyuma, akakaa kimya, akanipa lenzi yake niangalie mwenyewe. Ile gasketi, ringi ya raba inayozuia maji kati ya mfuniko na kasha, upande mmoja imebanwa nje ya mfereji wake na imekatika nusu. Kavu kabisa, hata chembe ya grisi ya silikoni hakuna. Mzee akaniambia mwanangu hii imebanwa siku mfuniko ulipofungwa mara ya kwanza, na mfuniko haujawahi kufunguliwa, angalia mikato yake haina hata mkwaruzo mmoja wa kifaa. Kwahiyo saa ilitoka kiwandani inavuja, na hakuna mtu aliyeipima hata kwa presha ya ndoo.

Nikawatumia na hizo picha. Jibu la tatu ndo hili lililonifanya nifungue uzi, wamesema kwanza saa imefunguliwa na fundi asiye wao kwahiyo waranti imekufa, na hata isingefunguliwa, waranti haihusu "madhara yatokanayo na maji kuingia". Someni tena hapo wakuu. Saa ya KUZAMIA. Waranti yake haihusu MAJI. Nilirudi kwenye kijitabu nikakuta kweli imo, ukurasa wa nyuma, maandishi ya kutafuta kwa tochi. Na boksi lenyewe lina picha ya mtu ndani ya maji!

Sasa nilichojifunza nikiwa tayari nimeshaumia, na ninyi wenzangu msome kabla hamjatoa hela. Kuna kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia kinaitwa ISO 6425. Saa inayofuata hicho kiwango inapimwa moja moja, sio kuchukua chache kati ya elfu, na inapimwa kwa presha iliyozidi kwa robo ile iliyoandikwa, yaani ya mita 200 inakandamizwa kama iko mita 250. Kuna maji ya chumvi, kuna kutolewa kwenye maji ya moto kuingizwa ya baridi na kurudishwa, kuna kugongwa, kuna sumaku, na lazima gizani uisome ukiwa sentimita 25. Saa ikipita hapo ndo inaruhusiwa kuandikwa neno "DIVER'S" pamoja na kina chake. Yangu imeandikwa "WATER RESISTANT 200M". Neno diver's halipo popote. Hiyo ni saa ya kawaida ya kuhimili maji, ina kiwango kingine, ISO 22810, na huko wanaruhusiwa kupima sampuli tu. Mimi sikulijua hilo na muuzaji hakuniambia, aliniambia "hii wanavaa makomando".

Na hilo neno kijeshi wanavyolichezea linaniuma kama mtu anayependa hivi vitu. Saa ya kijeshi haikuanza kama rangi nyeusi. Mwaka 1953 Blancpain, watengeneza saa wa Uswisi, walipotoa saa yao ya Fifty Fathoms, jina lake ni kina cha kama mita 91, walikuwa wanawatengenezea wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, Robert Maloubier na Claude Riffaud, ambao walikuja na masharti yao: uso mweusi, namba kubwa, alama zinazong'aa, bezeli ya kuzunguka. Wamarekani nao walikuwa na waraka kabisa wa masharti ya saa za jeshi, MIL-W-50717, na kampuni ya Benrus ikatengeneza saa za Type I na Type II miaka ya 70 kwa kuufuata. Waingereza kwenye saa za Rolex Submariner walizonunulia jeshi lao walichomelea vyuma vya kushikia mkanda moja kwa moja kwenye kasha, visiwe pini za spring, kwa sababu pini ikikatika saa inazama na mtu anabaki hajui amekaa chini dakika ngapi. Kila kitu kilikuwa na sababu na kilikuwa na mtu wa kukikagua na kukikataa. Hawa wa leo wamechukua sura wakaacha ukaguzi.

Na wala sio maji tu, naendelea. Bezeli ya saa ya kuzamia inatakiwa izunguke upande mmoja tu, kinyume na mishale, ili ikigongwa na kusogea ikuonyeshe umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, ili urudi juu mapema, usibaki na kuishiwa hewa. Yangu kufika mwezi wa pili ilishaanza kurudi nyuma! Unaisukuma na kidole gumba inasogea kliki mbili upande usiotakiwa. Hicho sio kitu cha urembo, hicho kinaweza kumuua mtu ambaye kompyuta yake ya kuzamia, ile inayomhesabia muda na kina, imezima na anategemea saa. Mimi nina kompyuta ya kuzamia mkono wa pili namshukuru Mungu, ila kuna wanafunzi wananunua hizi saa wakidhani ni akiba ya uhakika.

Mwanga nao. Tangazo lilisema inang'aa miaka 25 bila kuhitaji kuchajiwa na mwanga. Maneno hayo ni ya vile vibomba vidogo vya gesi ya tritiumu, ambavyo kweli vinawaka vyenyewe usiku na mchana, na hata hivyo nguvu yake inapungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Yangu fundi ameangalia, ni rangi ya kawaida tu ya kunywa mwanga. Rangi sio mbaya, ikiwa nzuri na imepakwa nene inakaa usiku mzima, hii ukizima taa baada ya dakika ishirini unatafuta mishale kwa kukisia. Huo ni uongo wa moja kwa moja wakuu, sio kasoro.

Na siko peke yangu. Kaka mmoja kwenye kundi letu anayo hiihii modeli, kwake maji hayajaingia ila pini ya mkanda ilikatika anaruka kutoka kwenye boti, saa ikaenda chini mbele ya macho yake. Dada mwingine rangi nyeusi imeanza kubanduka kwenye kona za kasha kama ganda la kitunguu, alipouliza wakamwambia ndo "muonekano wa kivita". Lakini mwalimu wetu wa kuzamia ana saa ya zamani, yenye hilo neno diver's, imechubuka kila mahali, mwaka wa tisa huu anashuka nayo, anachofanya ni kuisuuza maji baridi akitoka baharini na kubadilisha gasketi zote kila betri inapobadilishwa, alafu anadai ipimwe presha mbele yake. Kwahiyo msije na hoja kwamba saa zote ndo zilivyo. Zinawezekana, kuna watu wameamua kutozitengeneza.

Mwenye saa ya namna hii na haamini gasketi zake, kabla ya kushuka nayo ifanyie hili, wanaolijua wanaliita jaribio la tone. Ipashe joto saa taratibu mpaka nyuzi 40 hivi, mimi niliweka ya mdogo wangu juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, usiweke kwenye jiko, iache robo saa, alafu dondoshea kioo tone la maji ya kawaida, subiri dakika moja, futa. Ukiona ukungu umebaki kwa ndani ya kioo, unyevu tayari umo, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo kabla kutu haijafika kwenye mashine. Usipoona kitu usidhani umemaliza, hilo linaonyesha tu hakuna unyevu ndani, presha lazima ipimwe na mashine ya fundi.

Ninachotaka kutoka kwa hawa watu nimeshawaandikia leo asubuhi, barua ya nne: warudishe hela yangu yote, waondoe yale maneno ya miaka 25 kwenye tangazo, na waweke hilo sharti la maji kwenye ukurasa wa mauzo palipo na picha ya mzamiaji, kwa maandishi makubwa kama ya 200M. Saa nimeiacha kwa mzee fundi ikiwa wazi, gasketi iko kwenye kikaratasi.

Naomba wenye saa za aina hii mniambie vitu vitatu: kwenye uso imeandikwa nini hasa, kijitabu cha waranti kinasema nini kuhusu maji, na kama mlishawahi kufungua mfuniko mlikuta gasketi ina grisi au kavu. Picha za ile gasketi nazipandisha kwenye komenti ya kwanza hapo chini, na barua zao zote tatu, jina nimelifunika kwanza mpaka wanijibu hii ya nne.