Naomba ushauri: biogesi inasinzia msimu huu wa baridi

Habari za leo wakuu. Niko Kibosho, huku juu ya Moshi. Kikundi chetu tulikubaliana kupunguza kuni na mkaa, tukaanza na mtambo mmoja wa biogesi kwangu, tuone kwanza. Nina ng'ombe wawili wa ndani, kinyesi nachanganya na maji ndoo kwa ndoo.

Kiangazi moto ulikuwa wa bluu, maharage yanaiva vizuri tu. Tangu Juni unapepesuka kama kibatari, hata chai ni kazi. Juzi nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba: pale kwenye koki linatoa mapovu! Hilo ndilo linaniumiza kichwa, maana methani, ndiyo gesi inayowaka ndani ya biogesi, ikivuja bila kuungua inatega joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Sasa tutakuwa tumepunguza nini? Fundi aliyejenga hapokei simu.

Koki nibadilishe mwenyewe au nisiguse? Na nyie wa ukanda wa baridi, mnachanganyia maji ya uvuguvugu, au mnafunika mtambo kwa majani makavu ya migomba? Wenzangu wanasubiri jibu ndipo wachange hela. (Tope lake lakini, migomba imenenepa.)