MJADALA: Fayawoli za zahanati na shule zetu, tuziamini kurasa za wavuti kuzipanga?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, ofisi zinafunguliwa kila kukicha, na zahanati, shule na SACCOS nazo zinaunganishwa intaneti. Nauliza: fayawoli zao, zile zinazoamua nani apite na nani azuiwe, ni sawa zipangwe kwa kubofya kwenye kivinjari, au tung'ang'anie fundi anayeandika amri mwenyewe?

Mimi kubofya sikuoni kuwa tatizo. Ninachokikataa ni ukurasa huo kufikika kutoka popote duniani, na mipangilio yako kutunzwa na mtu mwingine.

Oktoba 2023 Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, walitangaza tundu la kiusalama kwenye ukurasa wa usimamizi wa IOS XE, mfumo unaoendesha ruta na swichi zao. Mvamizi asiye na nenosiri lolote aliweza kujifungulia akaunti yenye mamlaka yote. Ukali wake ulipewa 10 kati ya 10, na wateja wakaambiwa wauzime ukurasa huo kwenye vifaa vinavyoonekana kwenye intaneti. Septemba 2025 ikawa zamu ya SonicWall, watengenezaji wa fayawoli: wavamizi walifikia mafaili ya mipangilio ya fayawoli ambayo wateja waliyahifadhi kwenye wingu (seva za mtandaoni) la kampuni hiyo. Kwanza ikasema ni chini ya asilimia 5 ya fayawoli zake. Oktoba ikasema ni wateja wote waliotumia huduma hiyo ya kuhifadhi.

Zahanati ina majina na magonjwa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Mchangiaji, Makole

Mkuu, hoja nimeielewa ila inatuumiza sisi wa huduma. Nina vituo Kongwa na Mpwapwa, mimi niko mjini. Ukurasa ukifungwa kwa nje, kila kanuni moja ikibadilika nipande basi? Na hizo amri za kuandika zina hatari yake. Iptables, fayawoli ya Linux inayopangwa kwa amri, inasoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na kwa kawaida ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua. Ukitanguliza ya kuzuia wote, na wewe umejifungia nje. Kwenye ukurasa mpangilio wote nauona kwa macho.

Mleta mada

Hapo kwenye mpangilio nakuunga mkono kabisa, ndugu yangu. Ila kuhusu umbali, usifungue ukurasa kwa dunia nzima kwa sababu ya mtu mmoja. Weka VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa kwa msimbo kati yako na kituo. Ruta za MikroTik zenye RouterOS 7 zina WireGuard, aina mojawapo ya VPN, ndani yake. Ruta ya Mpwapwa ndiyo ianze kuitafuta seva ya ofisini kwako, hivyo hata kituo kikitumia laini ya simu yenye anwani inayobadilika, utaifikia. Halafu washa "Safe Mode" kabla ya kugusa chochote: muunganisho ukikatika, mabadiliko yanarudi yalivyokuwa.

Mchangiaji, Nkuhungu

Na zile tovuti unazojibu maswali, zinakuandikia kanuni, unanakili na kubandika? Shuleni kwetu ndizo tunazotumia.

Mleta mada

Mwalimu, hizo ndizo zinanitia hofu zaidi, kwa sababu anayebandika mara nyingi hajui alichobandika. Usizipe tovuti hizo anwani halisi za seva zenu. Tumia za mfano, kisha zibadilishe mwenyewe. Angalia pia kama zimeandika kanuni za IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4. Iptables inashughulikia IPv4 tu, IPv6 ina ip6tables yake, na baadhi ya tovuti huisahau kabisa, mlango ukabaki wazi.

Mkimaliza, zima Wi-Fi ya shule kwenye simu, washa data, ujaribu kufungua ukurasa wa ruta kwa anwani yenu ya umma, ile inayoonekana kwenye intaneti. Ukifunguka, uzimeni leo kabla ya kuondoka ofisini. Wengine mnaosimamia halmashauri, kwenu umefungwa?