Sanduku la huduma ya kwanza la dukani, la kujipangia mwenyewe, au hela iende kwenye mafunzo?

Baba Wawili

Wakuu, naomba mnisaidie kuamua. Kwa sasa nina uwezo wa kufanya jambo moja tu kati ya haya:

1. Kununua sanduku la huduma ya kwanza lililokwishapangwa kila kitu.
2. Kununua kitu kimoja kimoja na kujaza boksi langu mwenyewe.
3. Kuachana na vifaa kwanza, nijiandikishe mafunzo ya siku mbili.

Kisa chenyewe: wiki mbili zilizopita mwanangu wa miaka 3 alivuta kitambaa cha meza, maji ya moto yakammwagikia mkononi. Mama yangu akakimbilia dawa ya meno, mimi nikakimbilia sanduku. Sanduku lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwa kufuli ili watoto wasilichezee, na ufunguo hakuna aliyejua uliko. Nilipolivunja nikakuta plasta ndogo lukuki, pini, na karatasi ya maelekezo yenye herufi kama mayai ya chawa. Mtoto amepona, alitoka lengelenge moja tu. Mimi ndiye sijapona.

Tausi

Pole sana baba. Mimi nasema chukua la dukani. Watu wa "nitajipangia mwenyewe" nawajua, maana na mimi ni mmoja wao. Nilinunua bendeji mwezi wa kwanza, glovu mwezi wa tatu, mkasi mpaka leo nasubiri. La dukani linaingia nyumbani siku hiyo hiyo likiwa na vyumba vyake na kila kitu mahali pake. Ila usinunue kwa kuhesabu vipande. Wakikuandikia "vipande 100", kafungue uone, themanini ni plasta.

Nesi Mstaafu

Kabla ya masanduku tumalize la dawa ya meno, maana huenda kuna anayesoma hapa huku sufuria ikichemka jikoni na mtoto anazungukazunguka.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, kwa dakika 20. Dakika 20 za saa, maana za mtu aliyetaharuki ni tatu tu. Hata kama mmechelewa, maji bado yana faida ndani ya masaa 3 tangu kuungua. Vua pete, bangili na nguo mapema kabla uvimbe haujaja, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi iacheni. Kama ni mtoto mdogo, poza pale palipoungua tu na mwili mwingine mfunikeni asije akapata baridi. Barafu hapana. Dawa ya meno, siagi, mafuta, vyote hapana: vinazuia joto lisitoke, na huko hospitali tutalazimika kuvisafisha juu ya kidonda kibichi huku mtoto analia. Baada ya maji, funika kwa plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula. Itandaze juu, usiizungushe ukaikaza. Lengelenge lisipasuliwe. Na mtoto mdogo akiungua uso, viganja, nyayo, kwenye maungio au sehemu za siri, nendeni hospitali hata kama panaonekana padogo.

Sasa piga hesabu, Baba Wawili. Katika hayo yote, sanduku limechangia nini? Hata ungeupata ufunguo, dawa ya mwanao ilikuwa bombani. Na mambo mengi yanayotokea nyumbani yako hivyo hivyo. Mtu aliyepaliwa anaokolewa kwa mikono mitupu. Damu ya pua inasimama kwa kuinamisha kichwa mbele (siyo nyuma, damu itaenda tumboni) na kubana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Damu nyingi ya kidonda inahitaji kitambaa safi na mtu wa kukandamiza asiyeogopa. Kwa hiyo kura yangu ni namba 3, kisha 2. Namba 1 iwe ya mwisho.

Kijiwe cha Juu

Mafunzo? Mimi nilipelekwa na kazini, nikapewa cheti kizuri chenye muhuri, na baada ya miezi sita ungeniuliza nianzie wapi ningekuonyesha cheti. Video ziko bure mtandaoni, mnaangalia familia nzima mmekaa sebuleni. Hela ya mafunzo anunue sanduku.

Zamu ya Usiku

Mkuu Kijiwe, kusahau nakubaliana na wewe. Hapo kwenye video ndipo tunapoachana.

Mimi ni mlinzi, nimepitia mafunzo mara mbili. Chukua kumshindilia kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Kwenye video wanasema kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6, kasi iwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30 halafu pumzi 2. Ukisikiliza unaona rahisi. Nenda ukapige magoti mbele ya mwanasesere wa mazoezi, ndipo utajua kwamba ulichodhani ni sentimita 5 ni kubembeleza tu. Na mimi nilijiona nina mikono ya chuma: dakika ya pili viwiko vikaanza kucheza. Ndiyo maana mkiwa wawili mnafundishwa mpokezane kila baada ya dakika 2 hivi. Video haiwezi kukuchosha, kwa hiyo haiwezi kukwambia kwamba utachoka.

Halafu huyo mwanasesere ana historia yake. Alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norwei, ambaye shughuli yake ilikuwa kuunda vitu vya watoto vya kuchezea. Sura alimpa ya kinyago cha binti asiyejulikana jina, ambaye inasimuliwa aliopolewa kutoka mto Seine kule Paris. Mwalimu wetu alipotuambia hivyo, darasa zima lilinyamaza, na aliyekuwa zamu ya kupuliza akasitasita.

Video zina kazi yake: za kujikumbusha. Vyeti vingi vinahesabiwa hai kwa miaka 2 au 3, lakini mikono inaanza kusahau ndani ya miezi. Nenda darasani mara moja, kisha kila baada ya miezi mitatu minne rudieni nyumbani kwenye mto wa kulalia.

Mama Pacha

Naunga mkono, na naongeza hatari ya video ambayo haijasemwa. Wanangu walipokuwa na miezi 8 mmoja alipaliwa. Nilikuwa nimeangalia video, ila ilikuwa ya mtu mzima! Nikabaki nimemshika nisijue nibane wapi. Alikohoa mwenyewe, Mungu mkubwa.

Baadaye ndiyo nikafundishwa. Chini ya mwaka 1: unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, unampiga makofi 5 kati ya mabega. Ikishindikana unamgeuza, unasukuma kifua mara 5, halafu unarudia. Tumbo la mtoto wa umri huo halibanwi kabisa. Aliyevuka mwaka ndiye wa makofi 5 mgongoni, kisha kubanwa tumbo mara 5 juu ya kitovu. Na kama bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kikohozi chake kinakushinda wewe. Kidole usiingize kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze chini uanze kushindilia kifua, na mtu apige simu.

Fundi Mkongwe

Wazee wetu walilea bila masanduku wala mafunzo. Degedege, kwa mfano: kijiko katikati ya meno asijing'ate ulimi, anashikwa miguu na mikono, yanaisha.

Nesi Mstaafu

Hapana, ndugu yangu. Nimeshaokota meno yaliyovunjwa na kijiko. Mtu mwenye degedege au kifafa usimtie chochote mdomoni na usimshike kwa nguvu. Sogeza vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, ukirudia kabla hajazinduka, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, itisheni msaada. Wazee walilea vizuri, ndiyo, lakini watoto waliowazika hawako hapa kuandika.

Fundi Mkongwe

Dada umenikata kweli. La kijiko nimelipokea.

Zamu ya Usiku

Kwa wenye magari, jambo dogo: sanduku la kukaa kwenye gari lisiwe ndilo la nyumbani. Dawa nyingi zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25 au 30 za joto, na gari lililofungwa juani linapita hapo mapema sana. Langu nililifungua baada ya mwaka: plasta hazishiki, glovu zinachanika kama karatasi. Kwenye gari weka bendeji, gozi (kile kitambaa chembamba cha kufunikia kidonda), mkasi, tochi. Vidonge abaki navyo mama nyumbani.

Kijiwe cha Juu

Haya, la video nimeinua mikono. Lakini mbona wote mnaongelea vidonda? Moto je? Mafuriko? Familia inatakiwa iwe na begi la kukimbia nalo, lenye maji ya siku 3. Makadirio ya kawaida ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku.

Tausi

Kijiwe, nyumba ya watu 5 hiyo ni lita 60. Kilo 60! Begi utalibeba wewe, na wewe utabebwa na nani?

Kijiwe cha Juu

Hahaha. Basi maji yakae kwenye madumu nyumbani kwa siku ambazo hamtoki, na begi libaki na chupa chache, nakala za vyeti, dawa za anayetumia dawa kila siku, tochi na chaja. Halafu mkubaliane pa kukutania nje nyumba ikiwaka, maana ndani ya moshi hakuna kuulizana. Mnatoka kwa kutambaa, hewa nzuri iko chini. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima jiko, kifunike kwa mfuniko, maji usithubutu.

Bi Sauda

Nimewasoma wote, mmeeleza vizuri, lakini mbona hakuna aliyemuuliza mwenye mada swali la kwanza? Baba Wawili, saa nne asubuhi siku ya kazi, nani yuko nyumbani na watoto?

Baba Wawili

Mama yangu. Na binti wa dada yangu, ana miaka 14, akiwa hana shule. Mimi na mke wangu tunarudi jioni.

Bi Sauda

Basi wewe ukienda mafunzo utakuwa umemfundisha mtu ambaye hayupo. Siku ile ya maji ya moto ulikuwepo kwa bahati tu. Mpeleke binti, mtoto wa miaka 14 ana nguvu za kushindilia kifua na kumbukumbu inayotushinda wote. Mama naye, kama magoti hayamruhusu darasani, binti akirudi amfundishe: maji dakika 20, usitie kitu mdomoni, piga simu. Mambo matatu yanamtosha kuanzia. Akili yake haina shida, ila siku ile alifanya alichofundishwa yeye utotoni, na hakuna aliyewahi kumfundisha kingine.

Na namba ya dharura iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake maelezo ya kufika kwenu, maana mtu akitaharuki hata nyumba yake hawezi kuielekeza. Simu iwekwe sauti ya nje ili mikono ibaki na mgonjwa.

Tausi

Hapo Bi Sauda umeivunja hata hoja yangu. Kama mtumiaji ni bibi, karatasi ya herufi ndogo ni ya nini?

Baba Wawili

Bi Sauda umenigusa pale pale. Wiki mbili nzima nimekuwa nalinganisha masanduku kwa bei na ukubwa, sikuwahi kujiuliza litafunguliwa na nani. Binti anaenda. Nesi, sanduku la kujipangia nitalijaza polepole: nianze na nini?

Nesi Mstaafu

Anza na glovu, gozi safi nyingi kuliko unavyodhani, bendeji za kuzungusha za upana mbili, bendeji ya pembe tatu, plasta ya gundi ya kukata, mkasi wa ncha butu, kibano. Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini kwa ajili ya kuharisha. Zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msizidishe chumvi, ni hatari kwa mtoto. Kidonda cha kawaida kioshwe kwa maji safi yanayotiririka. Spiriti ndani ya kidonda inaunguza nyama nzuri pamoja na uchafu.

Dawa ya maumivu ya watoto iwe parasetamoli, kipimo kwa uzito wa mtoto, kiandikwe juu ya chupa kwa kalamu. Aspirini mtoto wa chini ya miaka 16 hapewi bila daktari. Dawa zote zikae kwenye boksi lao lenye kufuli. Lile la bendeji lisiwe na kufuli kabisa. Mtoto akichezea gozi umepoteza gozi.

Baba Wawili

Mrejesho baada ya wiki tano. Binti kamaliza mafunzo, na kila jioni anamlaza mdogo wake ubavu kwa nguvu. Juzi nilifanya jaribio bila kutangaza: nikazima taa nikamwambia mama "mtoto ameungua". Akaenda moja kwa moja bombani, akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia sasa ni damu, leta boksi. Sekunde 40, gizani.

Tatizo ni mkasi. Haupo. Kila mtu anaapa hakuuchukua.

Tausi

Tazama kwenye vitabu vya shule vya binti. Halafu nunua mwingine, huu ufunge kamba kwenye boksi.