Jumuiya ya ujifunzaji shuleni imegeuka kikao cha matangazo, naombeni ushauri

Bi Taaluma
Assalam aleikum na habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi, nje kidogo ya jiji la Tanga, njia ya Pangani. Kama shule nyingi, nasi tunayo Jumuiya ya Ujifunzaji, yaani walimu kujifunza pamoja, chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), na tunakutana Jumatano baada ya vipindi. Lakini kikao kinaanza na matangazo ya ofisi, yanafuata madai ya takwimu kutoka juu, kisha mmoja wetu anasoma moduli ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) kwa sauti huku wenzake wakisahihisha madaftari. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, picha ya ripoti inapigwa, watu wanatawanyika.

Na mambo ya kuzungumza yapo tele! Waulize darasa la nne ipi kubwa, robo au moja ya nane. Wengi watakujibu moja ya nane, kwa kuwa nane inazidi nne. Mikondo yote miwili, walimu tofauti, kosa lilelile, na hakuna aliyelileta kwenye jumuiya. Nilipomuuliza mwalimu mmoja kando akaniambia, "Nikisema watoto wangu hawaelewi sehemu, kesho nitaambiwa sifundishi." Neno hilo limenikaa moyoni. Nataka kikao kiwe mahali pa mwalimu kusaidiwa. Nianzie wapi?

Mkongwe wa Chaki
Mwanangu, mwenzako ameshakutajia kiini: woga. Usihangaike na moduli kabla hujauondoa. Nenda kwa mwalimu mkuu umwombe mambo mawili tu. La kwanza, matangazo yabaki kwenye kikao cha kawaida cha walimu. La pili, na hili alitamke mwenyewe mbele ya wote, kwamba linalosemwa kwenye jumuiya halitatumika kumpimia mwalimu utendaji wake. Faili la jumuiya liandikwe mada, mlichokubaliana na siku ya kurudisha matokeo. Jina la aliyekwama lina kazi gani humo?

Hesabu Korogwe
Namuunga mkono mzee wetu, ila woga hauondoki kwa tamko peke yake. Unaondoka watu wakiona mazungumzo yanahusu kazi za watoto, si mwalimu. Dada, wiki ijayo kila anayefundisha hisabati aje na madaftari matano ya wanafunzi, yawe mchanganyiko, si ya wale wazuri tu. Someni majibu pamoja na mjiulize: mtoto huyu alifikiri nini hadi akaandika hivi? Wenu wanahamisha kanuni ya namba nzima kwenye sehemu. Si uvivu huo, ni fikra yenye mantiki iliyowekwa mahali pasipo pake.

Kisha andaeni somo moja kwa pamoja. Kwa sehemu, mimi ningeanza na boflo mbili zinazolingana, moja igawiwe watoto wanne, nyingine wanane, na kabla ya kukata waulizwe wangependa kukaa kundi lipi. Baada ya hapo karatasi ya kukunja, maana kwenye boflo mkono huteleza vipande vikakosa kulingana, na usawa wa vipande ndiyo roho ya sehemu. Mmalizie na mstari wa namba, mtoto aone kuwa robo ni namba, si chakula tu.

Mmoja afundishe, wengine wakae nyuma. Wasimwangalie mwalimu, waangalie watoto: nani alikwama, aliandika nini, alimnong'oneza jirani yake nini. Jioni mjadili, mrekebishe, mwingine alifundishe mkondo wa pili. Japani walimu wa shule za msingi wamefanya hivi kwa zaidi ya miaka 100, wanaita jugyo kenkyu. Somo likienda vibaya lawama haimwangukii mmoja, kwa sababu mliliandaa wote.

Mama wa Muheza
Shoga, na saa mmezifikiria? Baada ya vipindi mwalimu ana njaa, ana mtoto nyumbani, na gari za kwetu jioni ni za kugombania. Sisi tulikaa na anayepanga ratiba, walimu wa somo moja wakapata kipindi cha pamoja ambacho hawako darasani. Kikao ni kifupi, lakini watu wanakuja wakiwa na akili zao.

Jicho la Kata
Mimi nasema wazi, bila posho hata ya chai jambo hili halidumu. Walimu wamechoka kufanyishwa kazi za ziada.

Mkongwe wa Chaki
Kijana, chai ni haki yao, nami napenda shule itenge. Ila nimeona semina za posho nono zilizokufa siku fedha zilipokwisha. Mwalimu akirudi darasani na kitu kinachompunguzia taabu ya kesho, atakuja tena.

Bi Taaluma
Nawashukuru sana. Kesho naonana na mwalimu mkuu kuhusu matangazo na ratiba. Mniongoze hapa: somo la kwanza alifundishe nani? Nilifikiria yule mwalimu aliyeniambia lile neno, maana tatizo ni lake.

Hesabu Korogwe
Hapana dada, usimwanzishe yeye, atahisi ametegwa. Anza wewe. Ingia darasa lake kwa ruhusa yake, fundisha mbele yao wote, na yeye mpe kazi ya kufuatilia kundi moja la watoto, kwa kuwa ndiye anayewajua. Mkondo wa pili ukifika, uliza nani yuko tayari. Moduli za TET msizitupe, chagueni ukurasa unaogusa tatizo mliloliona, mwusome baada ya madaftari.

Mama wa Muheza
Na boflo zikishakatwa, watoto wazile. Utuletee majibu ya mkondo wa pili humu humu.