Nyumba haina umeme, baridi ya Makete: naombeni ushauri wa jiko la kuni la kupasha nyumba na maji

Mkinga_halisi
Habari za leo wakuu. Namalizia nyumba huku kwetu upande wa Kitulo, mita 2,500 na ushee. Umeme haujafika, nina sola ya taa na simu tu. Mama yangu ni mtu mzima, na ikifika Juni anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Silali nikifikiria hilo. Nataka jiko moja la kuni lipashe sebule na chumba chake, na lichemshe maji ya kuoga. Nimepaua, dari bado. Fundi anataka kutumia pipa la lita 200, bomba la moshi litokee ukutani chini ya dirisha, na tangi la maji ya moto lifungwe kabisa ili presha isukume maji. Niendelee naye?

Dada_wa_Mafinga
Kaka, kabla ya yote toa hilo jiko la mkaa chumbani leo leo. Gesi yake haina harufu wala rangi, mtu anapitiwa na usingizi ndiyo basi. Halafu piga dari. Bila dari joto lote linaishia kwenye bati, utamaliza kuni na mama bado yuko ndani ya blanketi tatu.

Fundi_Majiko_Njombe
Mkuu, kazi yangu ndiyo hii. Tangi lisifungwe, narudia, lisifungwe! Mvuke ukikosa pa kutokea tangi linalipuka, na moto wa kuni hauna swichi ya kuzimia. Kwenye mwinuko wenu maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, kwa hiyo mvuke unawahi.

Weka tangi juu kuliko jiko. Bomba la maji ya moto lipande mfululizo mpaka tangini, lisishuke popote. La chini lirudishe ya baridi. Yatazunguka yenyewe, pampu ya nini? Juu ya tangi toa bomba la kupumulia, liende mpaka juu ya simtanki ndogo ya kujazia, mdomo wake uangalie humo, na njiani pasiwe na koki hata moja.

Lita 100 kutoka nyuzi 12 hadi 50 zinataka uniti nne na nusu hivi, uniti zilezile za mita ya umeme. Kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti nne, ila nyingine zinapotea na moshi, nyingine zinapasha sebule. Tenga kilo tatu mpaka nne kwa maji ya jioni.

Pipa ni jembamba, litatoboka. Mwambie achomelee pleti ya milimita 5, ndani apange tofali za kuchoma. Bomba la moshi lipite juu ya paa, lizidi kofia ya paa kwa sentimita 60, likae sentimita 45 mbali na mbao za kenchi. Likitokea chini ya dirisha, upepo utamrudishia mama moshi. Jiko liegemee ukuta wa tofali unaopakana na chumba chake. Ule ukuta utashika joto mpaka usiku.

Mkinga_halisi
Mungu akubariki fundi. Kuni za miwati nimekata mwezi uliopita, itafaa Juni hii? Na mabomba ya plastiki ninayo tayari.

Fundi_Majiko_Njombe
Plastiki iishie kwenye maji baridi. Jikoni mpaka tangini weka chuma, inchi moja.

Miwati ya mwezi uliopita ni ya mwakani. Ipasue sasa, maana gogo zima halikauki, ipange chini ya bati, ubavuni wazi upepo upite. Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa ukali, kibichi kinaitika butu. Ukiona povu linatoka kwenye ncha inapoungua, kuni hiyo bado ina maji, na ndiyo inayojaza lami kwenye bomba mpaka siku linashika moto. Mwaka huu nunua kavu kwa jirani. Ukifika kwenye kuchomelea, niwekee picha ya jiko hapa kabla hajaunga mabomba ya maji.